Kipandikizi cha koklea kwa uziwi wa sikio moja kinahitaji kanuni zake

Kipandikizi cha koklea, kifaa kinachopeleka sauti kwa umeme ndani ya koklea (sehemu ya sikio la ndani yenye umbo la konokono), kilibuniwa kwa ajili ya mtu asiyesikia kwa masikio yote mawili, na karibu kila kanuni inayoongoza upangaji wake, yaani kuweka viwango vyake kwa kompyuta ya kliniki, ilitokana na hali hiyo. Daktari wa upasuaji Graeme Clark na wenzake walipompandikizia mgonjwa wao wa kwanza kifaa chenye elektrodi nyingi mjini Melbourne mwaka 1978, swali kuu lilikuwa iwapo mtu asiyesikia angeweza kuelewa maneno kwa njia ya umeme unaopelekwa moja kwa moja kwenye neva ya kusikia. Ilidhihirika kwamba angeweza, na tangu hapo kliniki zimekuwa zikipima mafanikio kwa swali hilo hilo: mgonjwa ameelewa maneno mangapi katika chumba tulivu. Mwaka 2019 mamlaka ya Marekani inayodhibiti chakula na dawa, FDA, iliidhinisha kipandikizi cha kampuni ya MED-EL kwa watu wenye uziwi wa sikio moja, kuanzia umri wa miaka 5, na mwaka 2022 ikaidhinisha kile cha kampuni ya Cochlear kwa kundi hilo hilo. Mtu wa kundi hili akiingia chumba tulivu anaelewa maneno yote hata kabla ya kuwasha kifaa chake, kwa sababu ana sikio moja zima linalosikia vizuri. Kumpangia kifaa kwa lengo lile la zamani ni kumtibu ugonjwa asiokuwa nao.

Ninachotetea hapa ni kwamba lengo la upangaji kwa mtu huyu liwe kulifanya sikio la umeme lishirikiane na sikio zima. Sikio lenye kipandikizi linaweza kupata alama nzuri likipimwa peke yake, na bado likashindwa katika kazi iliyomfanya mwenyewe akubali kufanyiwa upasuaji.

Aliyepoteza usikivu wa upande mmoja, iwe kwa uziwi wa ghafla, kwa uvimbe wa neva ya kusikia, kwa matumbwitumbwi au kwa jeraha la mfupa wa kichwa, hupoteza uwezo wa kujua sauti inatoka wapi na uwezo wa kumfuatilia msemaji mmoja penye kelele. Mambo haya mawili hutegemea ulinganisho. Sauti inayotoka kulia hufika sikio la kulia mapema kidogo kuliko la kushoto, tofauti ambayo haizidi takriban milisekunde 0.7, na kwa kuwa kichwa huzuia sauti za masafa ya juu, yaani sauti nyembamba, hufika kushoto ikiwa imepungua kwa kiasi kinachoweza kufika desibeli 20. Ubongo huisoma tofauti hiyo bila sisi kujua. Vipo vifaa vinavyonasa sauti upande wa sikio kiziwi na kuirusha upande wa sikio zima, ama kwa mawimbi ya redio ama kwa mtetemo wa mfupa, na kwa watu wengi vinafaa. Hata hivyo kila kinachonaswa huishia katika sikio lile lile moja, na ubongo haupati cha kulinganisha. Katika jaribio la Utrecht nchini Uholanzi, ambamo washiriki walipangiwa matibabu kwa bahati nasibu, waliopandikizwa waliwazidi wenzao waliopewa vifaa hivyo katika kutambua mahali sauti inapotoka. Faida ya kipandikizi imo katika ulinganisho, na upangaji unaoupuuza ulinganisho unaipoteza faida yenyewe.

Mtaalamu wa usikivu anayepanga kifaa hufanya kazi na elektrodi 12, 16 au 22, kutegemea mtengenezaji, zilizolala ndani ya koklea. Kwa kila elektrodi huweka kiwango cha chini cha umeme ambacho mgonjwa anaanza kukisikia, na kiwango cha juu ambacho ni kikubwa lakini hakimuudhi. Kisha kila elektrodi hupewa sehemu yake ya masafa ya sauti: ile iliyo ndani kabisa hupewa sauti nzito, na ile ya mlangoni hupewa sauti nyembamba. Utaratibu huu wa kiufundi ni uleule kwa wagonjwa wote, ila kwa aliye kiziwi wa masikio yote mawili viwango vya juu huwekwa hasa kwa neno lake, kwa kuwa hana sikio jingine la kulinganishia. Mwenye sikio zima anacho kipimo, tena bora kuliko chati yoyote ya kliniki, kipo upande wa pili wa kichwa chake. Inashangaza kuona kliniki zinavyoliziba sikio hilo mwanzo wa kikao na kulisahau hadi mwisho.

Hatua ya kwanza, kwa maoni yangu, ni kusawazisha ukubwa wa sauti kati ya pande mbili, na ifanyike kabla ya jambo jingine lolote la kisasa. Mgonjwa asikilizishwe sauti ya masafa fulani kwenye sikio zima, kisha elektrodi inayohusika na masafa hayo ipandishwe au ishushwe mpaka aseme kwamba zinalingana. Baada ya hapo azungumzishwe na mtu aliyekaa mbele yake, aulizwe kama sauti hiyo anaisikia katikati au imeelemea upande mmoja. Ikielemea upande wa sikio zima, viwango vya kipandikizi viko chini, hata kama mgonjwa mwenyewe anaridhika navyo. Na mara nyingi ataridhika. Mtu mwenye sikio moja zima hana haraka ya kupandishiwa umeme unaomletea sauti ngeni yenye mikwaruzo, kwa hiyo hujibu kwamba inatosha mapema kuliko angejibu yule ambaye bila kifaa hasikii lolote. Anayeyachukua majibu hayo kama yalivyo atamwandalia mgonjwa wake kifaa chenye sauti dhaifu ambacho ubongo utakipuuza, na miezi sita baadaye faili litaandikwa kwamba hakunufaika. Hapa vipimo visivyotegemea neno la mgonjwa vina msaada wa kweli: mwitikio wa neva unaorekodiwa kupitia elektrodi zenyewe, na zaidi ya huo, mwitikio wa msuli mdogo wa sikio la kati unaojikaza sauti inapokuwa kubwa, ambao kiwango chake hukaribiana na kile cha juu kinachofaa.

Usawa huo lakini ni wa sauti moja kwa wakati mmoja, ilhali maisha hayaendi hivyo, na hapa tunafika kwenye jambo ambalo naliona halijadiliwi vya kutosha. Sikio zima hubeba tofauti ya takriban desibeli 120 kati ya sauti ndogo kabisa inayosikika na ile inayoumiza. Neva inayochochewa kwa umeme ina nafasi finyu sana, mara nyingi desibeli 10 hadi 20 tu, hivyo kichakata sauti, ile sehemu ya kifaa inayovaliwa nje, hulazimika kuibana dunia nzima ya sauti ili ienee humo, na kidhibiti chake cha kujiendesha hupunguza sauti kila inapovuka kiwango fulani. Kwa kuelewa maneno, ubanaji huu ni wa lazima. Kwa kujua sauti inatoka wapi, una madhara: sauti inayotoka upande wa kipandikizi hufika hapo ikiwa kubwa na kidhibiti huishusha, ile inayotoka upande wa sikio zima hufika ikiwa imeshapunguzwa na kichwa na kidhibiti huiacha, kwa hiyo tofauti ambayo ubongo ulikuwa unaitafuta husinyaa njiani. Kwa mwenye vipandikizi viwili, wahandisi wanaweza kuviunganisha vidhibiti vya pande zote vishuke na kupanda pamoja. Kwa mwenye kipandikizi kimoja na sikio zima hakuna cha kuunganisha nacho. Lililobaki ni kuweka ubanaji wa wastani, wenye kizingiti cha juu kadiri mgonjwa anavyoweza kuvumilia, hasa katika elektrodi za masafa ya juu, kwa sababu tafiti za watu hawa, zikiwemo za Michael Dorman na wenzake katika Chuo Kikuu cha Arizona State, zinaonyesha kwamba wanapotambua mahali pa sauti hutegemea hasa tofauti ya ukubwa, wala si tofauti ya muda.

Kipaza sauti nacho kina mtego wake. Vichakata vya kisasa huja na mpangilio unaoelekeza usikivu mbele na kupunguza kelele za pembeni na nyuma, na kwa kiziwi wa pande zote ni neema penye kelele. Lakini aliyepandikizwa sikio moja alitaka kifaa kwa ajili ya sauti za pembeni: abiria aliyeketi upande wake wa uziwi, baiskeli inayomjia upande huo, mtu anayemnong'oneza akiwa begani. Kumwekea kipaza sauti kinachotazama mbele tu ni kulifunga dirisha lililogharimu upasuaji kulifungua. Mpangilio unaoiga jinsi sikio la nje linavyopokea sauti ndio unaostahili kuwa wa kawaida kwake, na ule wa mbele uwe wa hiari.

Suala la masafa ndilo linalopewa kurasa nyingi siku hizi, na kwa sababu ya haki. Koklea imepangwa kwa mahali: kila sehemu ya mzunguko wake, ambao una urefu wa takriban milimita 35, huitikia masafa yake, juu mlangoni na chini kileleni. Uzi mfupi wa elektrodi unaozunguka mara moja tu huishia mahali ambapo sikio la asili husikia sauti za karibu hezi 1,000. Mpangilio wa kawaida wa Cochlear hugawa masafa kuanzia hezi 188 hadi 7,938, maana yake elektrodi ile ya ndani kabisa hupelekewa sauti za hezi mia mbili na kitu mahali ambapo ubongo unatarajia sauti iliyo juu zaidi kwa takriban oktava mbili, yaani masafa mara nne. Kiziwi wa masikio yote mawili hujifunza lugha hiyo mpya kwa sababu ndiyo pekee anayosemeshwa. Mwenye sikio zima husikia neno lile lile kwa lugha mbili kwa wakati mmoja, moja sahihi na moja iliyohamishwa juu, na sauti hizo mbili zikikataa kuungana kuwa moja huishia kusikia mwangwi mwembamba kando ya sauti halisi. Majaribio yanayowaiga watu hawa kwa wasikivu wa kawaida yanaonyesha kwamba kadiri masafa ya pande mbili yanavyoachana, ndivyo faida ya kuwa na masikio mawili penye kelele inavyopungua.

Dawa inayopendekezwa ni kupiga picha ya CT baada ya upasuaji, kukadiria kila elektrodi imelala wapi, na kuipa masafa ya mahali pake. Ni wazo zuri, ila lina bei: kama elektrodi ya mwisho imeishia mahali pa hezi 1,000, uaminifu kamili kwa anatomia ungemaanisha kuzitupa sauti zote za chini ya hapo. Kwa kiziwi wa pande zote hilo haliwezekani, kwa kuwa sehemu kubwa ya maana ya usemi imo humo. Kwa mwenye sikio zima, nathubutu kusema, hasara hiyo inavumilika zaidi, maana sauti nzito anazipata kwa ukamilifu upande wa pili, na tofauti za ukubwa zinazomwelekeza kwenye chanzo cha sauti zimo katika masafa ya juu. Ndiyo maana ninaona kundi hili ndilo lenye hoja nzuri kuliko yote ya kupangiwa kwa kufuata anatomia, na pia la kuwekewa uzi mrefu wa elektrodi, wa hadi milimita 31.5, pale ambapo koklea inaruhusu.

Wapo wanaojibu kwamba ubongo utajizoesha, tusihangaike. Wana ushahidi. Mtafiti Lina Reiss na wenzake waliripoti mwaka 2007 kwamba kwa watu wenye kipandikizi na mabaki ya usikivu wa asili, wembamba au uzito wa sauti wanayoisikia kutoka elektrodi moja unaweza kuhama kwa kadiri ya oktava mbili katika miezi na miaka ya matumizi, kuelekea masafa yaliyopangwa na kichakata. Tafiti zilizofuata zimeonyesha pia kwamba si wote wanaohama, na kwamba kwa wengine hauhami kabisa. Jambo hili kwangu linaamua wakati wa kufanya kazi, si kama ifanywe au isifanywe: masafa yapangwe vizuri siku ya kuwasha kifaa, kabla ubongo haujaanza kulipa gharama ya kuzoea. Mtu ambaye amekwisha kuzoea mpangilio wa kawaida na sauti zake zimeungana asiguswe kwa sababu tu programu mpya imetoka.

Kuhusu muda, niseme kidogo tu. Sauti ya asili husafiri ndani ya koklea na huchelewa milisekunde kadhaa kabla ya kufika kileleni, ilhali kipandikizi hukata njia lakini nacho hutumia muda kuchakata, na muda huo hutofautiana baina ya watengenezaji. Tofauti ya milisekunde chache inaonekana ndogo mpaka ulinganishe na ile 0.7 ambayo ndiyo kubwa kuliko zote katika maumbile. Kifaa kikitangulia, kinaweza kucheleweshwa kwa kubadili mpangilio. Kikiwa nyuma, mtaalamu hana la kufanya, kwa sababu sikio zima haliwezi kucheleweshwa. Watengenezaji wanapaswa kuutangaza ucheleweshaji wa vifaa vyao kwa kila masafa, kama wanavyotangaza muda wa betri, ili kliniki zijue zinaanzia wapi. Hata hivyo asiahidiwe mtu kwamba kusawazisha muda kutamrudishia usikivu wa asili wa tofauti za muda. Mapigo ya umeme ya mwendo usiobadilika hayabebi undani huo wa mawimbi.

Upimaji wenyewe una hitilafu ambayo imeharibu matokeo mengi. Anayetaka kujua sikio lenye kipandikizi linasikia nini humziba mgonjwa sikio zima kwa plagi na kifuniko, akiamini limekwisha kufungwa. Ulinzi huo wa pamoja hauzidi sana desibeli 40 hadi 50, kwa kuwa sauti hupenya pia kupitia mifupa ya kichwa; usemi wa desibeli 65 utafika ndani ukiwa na desibeli 15 hadi 25, na sikio zima linausikia. Alama zinazopatikana hivyo ni za sikio lisilohusika. Njia safi ni kupeleka maneno moja kwa moja kwenye kichakata kwa waya au Bluetooth, au kulifunika sikio zima kwa kelele ya kipimo kinachojulikana. Na hata alama safi za upande mmoja zibaki kuwa uchunguzi wa afya ya kifaa. Kipimo cha hukumu kiwe na masikio yote mawili wazi: spika zikiwa zimezunguka, msemaji upande mmoja na kelele upande mwingine, kisha wote wawili pamoja. Mtafiti Joshua Bernstein na wenzake wameonyesha kwamba baadhi ya watu hawa humwelewa vizuri zaidi msemaji aliye katika sikio zima iwapo kelele inayomsumbua itasikika pia upande wa kipandikizi, jambo ambalo kipimo cha chumba tulivu kisingelifichua kamwe.

Pana faida ya pembeni ambayo kundi hili limewapa viziwi wengine wote. Kwa miaka mingi wataalamu walikadiria jinsi kipandikizi kinavyosikika kwa kutumia sauti za kubuni zenye mkwaruzo wa mashine. Dorman alipowataka watu wenye sikio zima waibadilishe sauti safi upande huo mpaka ifanane na wanayoisikia kwenye kipandikizi, wengi wao walizikataa zile sauti za mashine na kuchagua sauti ya binadamu iliyofifia au iliyopandishwa kidogo. Kliniki yoyote inaweza kumuuliza mgonjwa wake swali kama hilo, na jibu lake, kama sauti ni nyembamba mno au imezibwa, linaelekeza moja kwa moja kwenye kitu cha kurekebisha.

Kwa watoto mambo ni mazito zaidi. Mtoto aliyezaliwa na uziwi wa upande mmoja mara nyingi ana neva ya kusikia iliyopungua au isiyokuwepo, kwa hiyo picha ya MRI ya kuitazama neva hutangulia mazungumzo yote. Ikiwa neva ipo, muda ni mfupi, kwani ubongo unaokua na sikio moja huligeukia hilo na kulipa kipaumbele, jambo ambalo Karen Gordon na wenzake katika Hospital for Sick Children ya Toronto wamelifuatilia kwa kina. Mtoto mdogo hawezi kulinganisha ukubwa wa sauti za pande mbili, na mpangaji hutegemea vipimo vya neva na vya msuli wa sikio la kati.

Limebaki suala la uvaaji. Kichakata hurekodi saa ambazo kimewashwa, na kwa kiziwi wa pande zote saa hizo huwa nyingi bila kuhimizwa. Mwenye sikio zima anaweza kukiacha kifaa mezani asubuhi na siku ikaenda. Hali si hiyo kwa aliyepandikizwa kwa sababu ya mlio wa sikioni, kama wale ambao Paul Van de Heyning na wenzake wa Antwerp waliwaeleza mwaka 2008, kwani kwake kifaa kikizimwa mlio hurudi, naye hukivaa kutwa. Kwa wengine, saa zikionekana chache, kliniki hukimbilia kumlaumu mgonjwa kwa uvivu wa mazoezi. Mazoezi ni ya lazima, hasa ya kusikiliza hadithi zilizosomwa zikipelekwa kwenye kipandikizi peke yake, lakini kabla ya lawama mtaalamu angalie kama sauti imeelemea upande mmoja, kama ubanaji ni mkali, kama kipaza sauti kinatazama mbele na kama masafa yamepishana mno. Mgonjwa ambaye kifaa kinamletea mwangwi mwembamba usioungana na chochote ana sababu ya kutokivaa, na sababu hiyo iko ndani ya kompyuta ya kliniki.